Watumishi wa Njia: Habari za Kazi Ndogo za Kando ya Barabara Mpakani Tunduma

Waandikao habari za miji yetu wamezoea kuanza na majengo: boma, soko, stesheni, misikiti na makanisa. Baada ya hayo hutaja viongozi, na mwisho, kama nafasi imebaki, hutaja watu wakaao kando ya barabara kwa kazi ndogo ndogo: fundi viatu na kigoda chake, kinyozi na kioo chake, mshona nguo na cherehani yake, mbadilisha fedha na kitita chake cha noti. Tena huwataja kana kwamba wamefurika mjini jana, watu wasio na historia. Katika makala haya nimekusudia kuutazama mji mmoja, Tunduma, ulioko mpakani mwa Tanzania na Zambia katika Mkoa wa Songwe, ili nionyeshe kwamba kazi hizo hazikuja baada ya mji. Huko Tunduma kazi hizo na mji wenyewe ni watoto wa tumbo moja. Kadhalika nitaonyesha kwamba majina waliyopewa watu hawa, tangu mpagazi hata mmachinga, hayakuwa maneno matupu, kwani kila jina lilikuwa na sehemu yake katika kuamua jinsi watakavyotendewa.

Yafaa kwanza nieleze upana wa maneno yangu. Sisemi hapa habari za wauzao bidhaa, kama nguo, vyombo au matunda. Nasema habari za wauzao utumishi, yaani wale ambao mteja huwaendea si kwa kununua kitu akaondoka nacho, bali kwa kutendewa jambo: kushonewa, kunyolewa, kuandikiwa, kubebewa, kubadilishiwa. Tofauti hii yaweza kuonekana kuwa ndogo, lakini msomaji akiishika tangu sasa ataona mwishoni kwamba ndiyo kiini cha jambo lote.

Njia iliyoutangulia mpaka

Tunduma iko katika nyanda za juu zilizo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Wenyeji wa sehemu hiyo ni Wanyamwanga, ambao hata leo wako pande zote mbili za mpaka, na upande wa Mbozi jirani zao ni Wanyiha. Mwaka 1881 ilianza kazi ya kutengeneza njia ya kuunganisha maziwa hayo mawili, ikaitwa Njia ya Stevenson, kwa jina la mfanyabiashara wa Glasgow aliyeitolea fedha. Njia hiyo haikupata kukamilika kama ilivyokusudiwa. Hata hivyo Waingereza waliithamini sana, na walipopatana na Wajerumani tarehe 1 Julai 1890 juu ya kugawana nchi za Afrika ya Mashariki, mpaka ulichorwa kwa namna ya kuiacha njia hiyo upande wa Waingereza. Mwaka 1898 ikaja tume ya mataifa hayo mawili kuupima mpaka na kuutia alama ardhini.

Hapa lipo jambo la kuangaliwa. Tumezoea kufikiri kwamba mpaka huwekwa kwanza, kisha njia huja kuukata. Hapa njia ndiyo iliyotangulia, na mpaka ukawekwa kwa ajili yake. Lakini mpaka ulipokwisha kuwekwa, ulileta jambo ambalo njia peke yake haikuwa nalo, nalo ni kumsimamisha msafiri. Mtu aliyekuwa akipita kwenda kwa ndugu zake bila ya kuulizwa neno, sasa alipaswa kusimama, aulizwe atokako na aendako na alichochukua. Na msafiri akisimama huanza kuuona upungufu wake. Kiatu kimekatika gidamu, ndevu zimeota, tumbo ladai, na fedha aliyo nayo mfukoni huenda haipokelewi mbele. Basi katika kusimama huko ndimo zilimozaliwa kazi zote tutakazozitaja.

Kazi iliyo kongwe kuliko zote ilikuwa upagazi. Neno mpagazi ni neno la misafara, na misafara hiyo ilikwisha kufika mbali bara kabla ya bendera ya Ulaya kutwekwa. Vita vya mwaka 1914 vilipozuka, nchi hii ilijaa wachukuzi. Kituo cha Fife, kilichokuwa ng'ambo tu ya mpaka karibu na Nakonde ya leo, kilikuwa ngome ya Waingereza, na mwaka 1916 majeshi ya Jenerali Northey yalivuka kutoka upande huo kuingia nchi ya Wajerumani. Hapakuwa na reli wala barabara ya magari, na kila risasi na kila kibaba cha unga kilikwenda juu ya kichwa cha mtu. Katika nchi yetu wachukuzi hao walijulikana kwa jina la kariakoo, lililotokana na kikosi cha wachukuzi cha Waingereza, na jina hilo limebaki mpaka leo katika mtaa mashuhuri wa Dar es Salaam. Katika Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland waliitwa tengatenga. Basi mpaka ulikuwa umekwisha kuwagawa watu wa kazi moja kwa majina mawili, ingawa mzigo ulikuwa mmoja na njia moja. Mwezi Novemba 1918 von Lettow-Vorbeck alipita tena sehemu hizo akielekea Kasama, na tarehe 25 ya mwezi huo akaweka silaha chini huko Abercorn, mji ambao leo waitwa Mbala.

Barazani

Baada ya vita Tanganyika iliingia chini ya Waingereza, na bendera moja ikapepea pande zote mbili. Mpaka haukuondoka, kwa maana serikali zilikuwa mbali mbali na kila moja ilikuwa na kodi yake. Kodi hiyo ilidaiwa kwa fedha taslimu, na fedha ilipatikana kwa kwenda kuitafuta. Vijana wengi wa nyanda za kusini walishika njia, wengine kwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa, wengine kuvuka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo ilipanuka sana tangu miaka ya mwisho ya 1920. Magari nayo yakaanza kupita katika Barabara Kuu ya Kaskazini, na Tunduma ikawa mlango wa barabara hiyo.

Katika miji mingi ya Tanganyika ya siku zile kazi ndogo zilikaa barazani. Mwenye duka, mara nyingi Mhindi, aliuza vitambaa ndani, na fundi cherehani alikaa nje chini ya paa lile lile akishona kile kilichonunuliwa. Kinyozi aliweka kiti chake chini ya mti. Mwandishi wa barua aliketi na kalamu, wino na bahasha, akimwandikia asiyejua kuandika. Kwa mtu aendaye migodini mwandishi huyu hakuwa mtu mdogo, kwani barua aliyoiandika ndiyo iliyompa mama habari za mwanawe, na ndiyo iliyosema fedha ya kodi imepelekwa kwa nani. Wala yeye hakuwa mtu wa kuandika tu. Alijua jinsi ya kumwamkia baba mkwe na jinsi ya kumwandikia bwana shauri, akalipanga neno la mteja katika adabu iliyostahili. Sisi tunaochunguza lugha hatuna budi kukiri kwamba Kiswahili cha barua kilipata walimu wengi wa namna hii, waliofundisha bila ya darasa.

Neno kibarua latoka katika jambo hilo hilo la karatasi. Asili yake ni barua ndogo, yaani kile cheti alichopewa mtu wa kazi ya siku ili kionyeshe kwamba amefanya kazi. Baadaye jina la cheti likawa jina la mtu, na mtu akaitwa kwa karatasi aliyoishika. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu tutaliona tena: katika historia ya watu hawa, mara kwa mara karatasi humtangulia mtu.

Shehena

Zambia ilipata uhuru wake tarehe 24 Oktoba 1964. Mwaka mmoja na siku chache baadaye, tarehe 11 Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao wenyewe, na Zambia, ambayo mafuta yake na shaba yake vilikuwa vikipita kusini, ikawa imefungwa koo. Ndipo Tunduma, iliyokuwa mlango wa uani, ilipogeuka kuwa mlango wa mbele. Malori yalichukua mapipa ya mafuta kwa barabara ya udongo na vumbi, wakati wa masika magurudumu yakizama, wakati wa kiangazi madereva wasione kilicho mbele yao. Bomba la mafuta la kutoka Dar es Salaam hata Ndola lilianza kazi mwaka 1968. Barabara ikatiwa lami katika miaka ya mwisho ya 1960 na ya kwanza ya 1970. Kisha ikaja reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa serikali mbili tarehe 14 Julai 1976. Reli hiyo nayo huuvuka mpaka papo hapo Tunduma.

Vitabu vya historia husimulia habari hizi kwa hesabu za tani na maili, na ni haki, kwani yalikuwa mambo makubwa. Lakini lori halisogei kwa siasa peke yake. Gurudumu likipasuka lahitaji mtu wa kuziba pancha. Dereva ahitaji chakula cha moto, nguo zake zifuliwe, kichwa chake kinyolewe, na mtu wa kulilinda lori lake alalapo. Hapo ndipo zilipokua kazi za mkono mmoja: fundi wa pancha na pampu yake, mchomeaji, fundi wa spring, mpakia mizigo, na mama wa chakula. Ukombozi wa Kusini mwa Afrika, tunaousifu kwa haki, ulipita pia juu ya viganja vya watu hawa, ingawa hawakuandikwa popote.

Mama wa chakula yafaa tumtaje peke yake. Jina lake la mitaani, mamantilie, ni sauti ya mteja iliyogeuka kuwa jina la mtoa huduma: "mama, nitilie," yaani nipakulie. Baadaye lilitokea jina jingine, mamalishe, lenye heshima zaidi masikioni mwa wakubwa. Majina yote mawili ni mazuri, lakini yana macho tofauti. La kwanza lamwona mama kwa jicho la mwenye njaa aliyesimama mbele ya chungu. La pili lamwona kwa jicho la karani aliyekaa na daftari.

Fedha mbili

Katika kazi zote za mpakani hakuna iliyo na historia ya ajabu kama ya kubadilisha fedha. Mtu aweza kudhani kwamba palipo na mpaka mbadilisha fedha hakosi. Sivyo ilivyokuwa. Zamani za Waingereza, shilingi ya Afrika ya Mashariki na paundi ya upande wa pili zote zilifungwa na fedha ya Uingereza, shilingi 20 kwa paundi moja. Kila mtu alijua hesabu hiyo, hata mtoto, na mahali pasipo na fumbo hapana kazi kwa mfumbuzi. Tanzania ilitoa shilingi yake mwezi Juni 1966, na Zambia ikatoa kwacha mwezi Januari 1968. Kwacha mbili zilichukua mahali pa paundi moja, hata ikawa kwacha moja ni sawa na shilingi kumi. Hesabu hiyo nayo ilikuwa nyepesi, yaweza kufanywa kwa vidole vya mikono.

Fedha hizo mbili zilipoanza kuachana ndipo mbadilishaji alipopata kazi. Katika miaka ya 1970 ya mwisho na 1980 nchi zote mbili zilibanwa. Bei ya shaba ilianguka. Tanzania nayo ililemewa na bei ya mafuta na gharama za vita vya Kagera vya miaka ya 1978 na 1979. Serikali zikashika bei rasmi za fedha, lakini madukani hapakuwa na sabuni wala sukari, na mtu aliyekuwa na kitu hakukubali kukitoa kwa bei ya karatasi. Zikawapo bei mbili, ya benki na ya njiani, na aliyezijua zote mbili alikuwa na elimu ya kuuza. Zambia ilijaribu kuuza fedha za kigeni kwa mnada tangu Oktoba 1985 hata Mei 1987, na bei ya kwacha ikawa yabadilika kila mara. Mbadilishaji wa njiani ilimpasa kupata habari za Lusaka na za Dar es Salaam kabla ya mteja wake, bila ya simu wala gazeti la siku ile. Alizipata kwa madereva. Dereva alileta habari, mbadilishaji akamlipa kwa bei nzuri, na wote wawili wakapona.

Sheria ya Fedha za Kigeni ya mwaka 1992 ilifungua njia kwa maduka ya kubadilishia fedha yenye leseni. Watu wa njiani hawakutoweka, ingawa kazi yao bila ya leseni ilikuwa, na ingali, nje ya sheria. Sababu yake si ukaidi tu. Duka hufungwa jioni, nalo basi hufika usiku. Duka hutaka hati, naye mama mwenye kikapu cha nyanya ataka kubadilisha noti mbili tu apate nauli. Sisemi hivi ili kuificha hila iliyomo katika kazi hiyo. Msafiri asiyejua hesabu aweza kupunjwa, na walio wengi wamesikia habari za noti zilizokunjwa zikahesabiwa mara mbili. Nasema tu kwamba hila haiwezi kueleza kwa nini kazi imedumu. Iliyoidumisha ni haja.

Tarehe 1 Januari 2013 Zambia ilizifuta sifuri tatu katika fedha yake, kwacha mpya moja ikawa sawa na za zamani 1,000. Mpakani noti za namna mbili zilikutana mkononi mwa watu waliozoea kuhesabu kwa maelfu, na mtu wa njiani akawa mwalimu wa hesabu bila ya kuombwa. Na kabla ya hapo, tangu mwaka 2008, ilikwisha kuingia Tanzania huduma ya kupeleka fedha kwa simu. Wakala na mwavuli wake akaketi karibu na mbadilishaji na kitita chake. Neno wakala ni la kale katika Kiswahili, na maana yake ni mtu asimamaye mahali pa mwingine. Zamani alisimama mahali pa tajiri aliye ng'ambo ya bahari. Siku hizi asimama mahali pa kampuni ya simu asiyoijua kwa sura. Mtaji wake auita floti, na floti ikimwishia hukaa chini ya mwavuli wake mikono mitupu, ingawa wateja wamesimama.

Majina na hukumu zake

Sasa tugeukie majina ya jumla, yale waliyopewa watu hawa wote kwa pamoja na watu wasiofanya kazi hizo.

La kwanza ni mhuni. Katika miji ya Tanganyika ya ukoloni jina hili alitupiwa kijana yeyote aliyeonekana mjini bila ya mwajiri, na aliyeitwa hivyo aliweza kurudishwa kwao kwa nguvu. La pili ni mzururaji. Baada ya uhuru, nchi ilipokuwa ikitafuta kujitegemea, kazi iliyotambuliwa ilikuwa ya shamba, ya kiwanda na ya ofisi. Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983 ilimtaka kila mtu mwenye uwezo awe na kazi itambulikayo, na katika utekelezaji wake watu wengi, hasa Dar es Salaam, walikamatwa njiani wakapelekwa vijijini na mashambani. Nia ya sheria ilikuwa kwamba mtu asiishi kwa jasho la mwenziwe, na nia hiyo haina aibu. Kosa lilikuwa katika macho: sheria ilipomtazama mng'arisha viatu haikuona kazi, iliona mtu aliyekaa. Baadaye maisha yaliigeuza sheria yenyewe, na leseni waliyopewa wafanya biashara ndogo ikaja kuitwa leseni ya nguvukazi. Jina lililowafukuza likawa jina la karatasi ya kuwaruhusu.

La tatu ni mmachinga. Wako wasemao kwamba neno hili limetokana na Kiingereza, kwa maana ya kijana atembeaye kutwa. Maelezo hayo yachekesha, lakini hayana msingi. Wamachinga ni watu wa Lindi, na vijana wa kusini waliokwenda Dar es Salaam kutembeza bidhaa walijulikana kwa jina hilo. Kisha jina la kabila likawa jina la kazi, na mtu wa Mbozi au wa Ileje asiyepata kuiona Lindi akaitwa mmachinga. Mabadiliko ya namna hii ni ya kawaida katika lugha. Yaliyoleta matata ni upana wake. Mmachinga wa kwanza alikuwa mwuza bidhaa. Leo jina lamfunika pia fundi viatu, kinyozi, wakala na mwandikaji, ambao hawauzi bidhaa.

La nne lilikuja na karatasi nyingine. Mwezi Desemba 2018 Rais Magufuli aligawa kwa wakuu wa mikoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja kwa shilingi 20,000, kwa ajili ya wale ambao mauzo yao kwa mwaka hayazidi shilingi milioni nne. Kwa watu wengi ilikuwa nafuu kubwa, kwani mwenye kitambulisho hakusumbuliwa. Lakini tazama tena kipimo: mauzo. Fundi wa pancha hauzi, hutengeneza.

Tofauti ya kuuza na kutumikia ilionekana wazi mwaka 2021, serikali ilipoagiza wafanya biashara ndogo waondolewe kando ya barabara na kupangwa katika maeneo maalumu. Sababu zilizotolewa zilikuwa za haki. Watu waenda kwa miguu walikosa mahali pa kukanyaga, mitaro iliziba, na wenye maduka walipao kodi walifungiwa milango. Mwuza nguo akihamishwa aumia, lakini wateja waweza kumfuata, maana watu hutoka nyumbani kwa nia ya kwenda kununua nguo. Nani atokaye nyumbani kwa nia ya kukatikiwa na kiatu? Haja ya utumishi humpata mtu njiani, nayo hutaka kutimizwa papo hapo ilipompata. Fundi viatu aliyepelekwa mbali na njia hakuhamishwa, ameachishwa kazi. Hata jengo kubwa la Machinga lililojengwa Ilala kwa gharama kubwa lilikaa miaka mingi likiwa na vizimba vitupu, na hapo tulikuwa tunasema habari za wauza bidhaa. Sembuse watumishi wa njia.

Mji wa kusimama

Nilipokuwa Tunduma, soli ya kiatu changu ilibanduka, nikaketi kwa mzee mmoja fundi viatu, si mbali na barabara ya malori. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Unavuka, au umevuka?" Nikamwambia kwamba sivuki, nimekuja papa hapa. Akaniangalia kwa mshangao kidogo, kisha akasema, "Basi wewe ndiwe mgeni wetu hasa." Sijapata kusikia historia ya mji huo ikifupishwa vizuri zaidi. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone, na Tunduma ni mji ambao wenyeji wake wamepona kwa wageni wasiokusudia kukaa. Katika sensa ya mwaka 2012 mji ulikuwa na watu karibu 98,000. Katika sensa ya mwaka 2022 walizidi 219,000. Mji haukui hivyo kwa watu wapitao; umekua kwa watu wanaowatumikia wapitao.

Lakini kile kilichouzaa mji, yaani kusimama, sasa chapunguzwa. Tarehe 5 Oktoba 2019 Marais Magufuli na Lungu walifungua Kituo cha Pamoja cha Huduma Mpakani cha Tunduma na Nakonde, ambapo msafiri hukaguliwa na nchi zote mbili mahali pamoja, badala ya kusimama mara mbili. Ni jambo jema, maana foleni ndefu za malori zilikuwa hasara kwa nchi nyingi, hata Kongo. Lakini mji ujue kwamba kila saa inayookolewa kwa dereva hutoka katika saa za kazi za mtu wa kando ya barabara. Mwezi Mei 2020, Zambia ilipoufunga mpaka kwa siku chache kwa sababu ya maradhi ya korona, Tunduma ilionjeshwa upande wa pili wa jambo hilo hilo. Hapo magari yalisimama, lakini watu hawakuvuka. Kazi hizi haziwezi kuishi pasipo kusimama, wala haziwezi kuishi pasipo kwenda. Huishi kati ya hayo mawili.

Mipaka mingine yatuonyesha kwamba watu wa njia hawakosi maarifa. Neno bodaboda, linalotumika leo hata mahali pasipokuwa na mpaka wowote, lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako waendesha baiskeli waliwaita abiria wa kuvushwa kwa neno la Kiingereza la mpaka. Mahitaji ya mpaka mmoja yakazaa kazi, na kazi ikaenea Afrika ya Mashariki nzima. Kwa hiyo sina hofu kwamba watu wa Tunduma watakosa la kufanya. Mwandishi wa barua alipokosa wateja alikuja mpiga chapa, na baada ya mpiga chapa amekuja kijana wa kompyuta na mashine ya kutoa nakala, ambaye humjazia mgeni fomu asizozielewa. Kazi ni ile ile, kalamu imebadilika.

Hofu yangu iko katika madaftari. Mradi wahesabiwe wote kwa jina moja la wauzaji, kila utaratibu utakaotungwa kwa ajili yao utakuwa wa wauzaji, nao utawapeleka sokoni watu ambao kazi yao iko njiani. Mimi si mtu wa mipango miji, ni mtu wa maneno, na shauri langu ni la maneno. Lugha yetu haikuwahi kuwa na upungufu hapa. Inalo fundi viatu, kinyozi, mshona nguo, mziba pancha, mchukuzi, wakala, mamantilie. Kila jina katika haya lataja kazi, na pamoja na kazi lataja mahali ipasapo kufanyiwa. Karani wa mji akimwandika kila mtu kwa jina la kazi yake, atajua bila ya kuambiwa ni nani awezaye kuhamia sokoni, na ni nani wa kutengewa hatua mbili tatu za ardhi na kivuli, pale msafiri anaposimama.